Kosa Hukaa Kwenye Maungio: Kuchagua Vipande vya Kompyuta ya Kwanza ya Gemu

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, na ninyi vijana mliobanana mpaka mlangoni, habari za mchana.

Hapa mezani pana vipande vinane: prosesa, ambayo ni ubongo, feni yake, madabodi inayounganisha vyote, RAM ya kumbukumbu ya muda, SSD ya kuhifadhia mafaili, kadi ya grafiki inayochora picha, pawa saplai inayogawa umeme, na keisi, yaani sanduku la vyote. Kila kimoja ni kizima. Lakini vipande vinane vizima vinaweza kuunganishwa vikatoa kompyuta isiyowaka, au inayowaka ikaonyesha giza, au, na hii ndiyo mbaya zaidi, inayocheza gemu kwa nusu ya uwezo wake miaka miwili mizima na mwenyewe hajui. Kwa hiyo mchana huu sitawasomea orodha ya kadi tano bora. Tutatazama maungio: prosesa inapokutana na madabodi, kadi inapokutana na pawa saplai, pawa saplai inapokutana na umeme wa mtaani kwetu. Pesa ya mtu anayejenga mara ya kwanza hupotelea hapo.

Tuanze na skrini, ingawa haimo katika vile vinane. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, na kadi inazichora zote upya kwa kila fremu. Ukipanda kwenda 2560 kwa 1440 nukta zinafika 3,686,400, karibu mara 1.8, na kadi ya bei nafuu inaanza kuhema. Kwa bajeti ya kwanza kaeni kwenye 1080. Kisha andikeni kwenye karatasi gemu mnazocheza kweli, siyo zile mnazotazama watu wakicheza YouTube. Valorant na Counter-Strike 2 huibana prosesa kuliko kadi. Cyberpunk 2077 huibana kadi. Ambaye jioni zake zote ni eFootball na GTA V hana haja ya kukopa ili anunue kadi kubwa. Hiyo pesa inamfaa zaidi kwenye skrini na UPS, ile betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika.

Bajeti nitaigawa kwa kila shilingi 100, ili wa Dar na wa Nairobi kila mmoja apige kwa shilingi zake. Kadi ya grafiki 35. Prosesa na madabodi kwa pamoja 27. RAM na SSD 20. Pawa saplai 10. Keisi na feni 8. Skrini, kibodi, kipanya na UPS viko nje ya hiyo 100, na hapo ndipo wengi hujikuta wamemaliza pesa huku kompyuta haina cha kuonyeshea picha. Mgawanyo huu mnaweza kuusogeza. Bei ya RAM, kwa mfano, imepanda mno tangu mwishoni mwa 2025, kwa sababu viwanda vinahudumia kwanza vituo vya data vya akili mnemba. Ikiwazidi, punguzeni kwenye keisi, punguzeni hata kwenye kadi. Ile 10 ya pawa saplai msiiguse.

Na pawa saplai ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, maana ndiyo ambayo muuzaji huitaja mwisho, tena kwa kuipungia mkono: "Hiyo ipo, inakuja na keisi."

Hii niliyoshika ni ya namna hiyo. Mbele imeandikwa 500W kwa maandishi makubwa mekundu. Mbele msisome. Igeuzeni ubavu, mtafute jedwali dogo lenye safu za +3.3V, +5V na +12V. Kadi na prosesa hula karibu umeme wao wote kwenye ile +12V. Hapa, chini ya +12V, pameandikwa 18A. Zidisheni: 12 mara 18 ni 216. Kwa vipande vinavyocheza gemu, hii ni pawa saplai ya wati 216 iliyovaa koti la 500. Ile nyingine pale, ya 550W kweli, chini ya +12V inasema 45A, yaani wati 540. Zipokeeni mpitishiane, mzipime na uzito. Uzito si ushahidi wa mwisho, lakini mkono utawaambia ipi imejaa shaba na ipi imejaa hewa.

Sasa tupige hesabu ya mzigo. Kadi ya RX 6600 inakula wati 132. Prosesa ya Ryzen 5 5600 inaweza kufika 76. Madabodi, RAM, SSD na feni wekeni 50. Jumla 258, na bado kadi huruka juu ya kiwango chake kwa vipande vidogo vya sekunde. Ile ya 216 itafanyaje? Itawaka. Itafungua Word, itacheza video wiki nzima. Siku ya kufungua gemu, dakika ya kumi, kompyuta inazima kama imechomolewa ukutani. Mwenyewe anailaumu Windows, anapiga Windows upya, inazima tena. Anailaumu kadi, anairudisha dukani, inapimwa kwenye mashine nyingine na kuonekana nzima. Mwezi unapita, na kosa liko kwenye kile cha bure. Kinachotisha zaidi ni kwamba nyingi za aina hii hazina ulinzi wa maana ndani, na zikifa hazifi peke yake. Zinaondoka na madabodi.

Kwa mashine kama tuliyoihesabu, pawa saplai nzuri ya wati 450 inatosha, na 550 inawaachia nafasi ya kubadilisha kadi baadaye. Alama ya 80 Plus Bronze inaeleza ufanisi tu, yaani umeme kiasi gani unapotea kuwa joto. Haisemi kwamba kifaa ni salama. Hata hivyo ukikosa kabisa alama hiyo kwenye kifaa kipya, una sababu ya kukirudisha rafuni.

Kuna kitu kingine mgongoni mwake. Hii ya bei rahisi ina swichi ndogo nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Zilizo nzuri siku hizi hazina swichi, zinajitambulia volti zenyewe. Umeme wa kwetu ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya, kwa hiyo swichi lazima isome 230 kabla ya waya kuingia ukutani. Ikiachwa 115, mtasikia mlio kama baruti, mtaona moshi, na hakuna fundi atakayeirudisha. Nusu sekunde inatosha.

Tukiwa hapo hapo ukutani: ukigusa keisi ya chuma ukahisi kama unafinywa vidole, soketi yako haina ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Ndani ya kila pawa saplai mna kichujio kinachomwaga mkondo mdogo kwenye keisi, na ethi ikikosekana njia yake inakuwa wewe. Kukata pini ya tatu au kutumia adapta ya pini mbili ndiyo chanzo cha kawaida. Mwiteni fundi umeme aione soketi.

Halafu umeme wenyewe. Kukatika kwake hakuvunji kompyuta mara nyingi kama kurudi kwake. Unaporudi, friji zote za mtaa zinaamka pamoja, volti inashuka na kuruka, na kompyuta iliyoachwa kwenye soketi ndiyo inayopokea. UPS ya 650VA inasaidia, ila VA si wati: nyingi za ukubwa huo hubeba wati 360 hadi 390 tu. Mashine yetu ya wati 258 pamoja na skrini inaingia, na mtapata dakika chache za kuhifadhi gemu na kuzima kistaarabu. Msichomeke printa ya leza wala pasi humo, jamani. Asiyemudu UPS kwa sasa anunue angalau kile kifaa cha kulinda friji chenye kuchelewesha umeme dakika kadhaa baada ya kurudi. Hakitazuia kuzimika ghafla, lakini kinamkinga na ule mruko wa kwanza.

Nimekaa sana kwenye pawa saplai. Twende kwenye prosesa na madabodi, ambazo sharti zichaguliwe siku moja.

Kwa bajeti ya kwanza njia mbili bado zina mantiki: soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye madabodi, ya AM4 ya kampuni ya AMD, iliyoanza 2016, na LGA1700 ya Intel. Zote mbili zina madabodi zinazotumia RAM ya DDR4, kizazi kilichotangulia DDR5, inayopatikana hata iliyotumika. AM5, iliyotoka 2022, ndiyo yenye maisha marefu mbele, maana AMD imeahidi kuitunza hadi 2027 na kuendelea, lakini inakubali DDR5 tu, na kwa bei za sasa hiyo peke yake inaweza kumeza kadi.

Kwenye AM4 pana majina matatu yanayofanana, na wauzaji huyataja kama jina moja. Ryzen 5 5600 ina kori 6, yaani vichwa sita vya kufanya kazi, na nyuzi 12, yaani kazi 12 kwa pamoja, kashe (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) ya MB 32, na inaongea na kadi kwa njia ya data iitwayo PCIe 4.0. Ryzen 5 5500 nayo ina kori 6, lakini kashe ni MB 16 na PCIe ni 3.0. Ryzen 5 5600G ni kama hiyo ya pili, ila ina grafiki yake ndani. Hiyo herufi G ni rafiki wa mwenye mfuko mwembamba: unaweza kuanza bila kadi kabisa, ukacheza Valorant na GTA V kwa kushusha mipangilio, kisha ukaongeza kadi mwaka ujao. Upande wa Intel, i3-12100F na i5-12400F ni prosesa nzuri, lakini herufi F maana yake haina grafiki hata kidogo. Ukiijenga bila kadi, skrini itabaki giza, na hakuna kilichoharibika. Ndivyo ilivyoumbwa.

Sasa ungio lenyewe. Madabodi za B450 zilitoka 2018. Ryzen za 5000 zilianza kutoka Novemba 2020. Madabodi iliyokaa rafuni tangu 2019 haijawahi kusikia jina la 5600. Ukiiweka, feni zinazunguka, taa zinawaka, picha haiji, na unaanza kumshuku aliyekuuzia prosesa. Kinachotakiwa ni BIOS mpya, yaani ile programu ndogo iliyomo kwenye madabodi inayoviamsha vipande. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa madabodi hiyo kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, tafuta orodha ya prosesa, uone prosesa yako inaanzia toleo lipi la BIOS, kisha muulize muuzaji iliyomo ni toleo lipi. Baadhi ya madabodi zina kitufe cha BIOS Flashback mgongoni: unaweka faili kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, unaichomeka kwenye tundu la USB lililowekewa alama, unabonyeza, na BIOS inabadilika hata kama prosesa haimo. Kitufe hicho kinastahili kuongezewa pesa kidogo. Usipokuwa nacho utahitaji kuazima prosesa ya zamani ya AM4, na kuazima prosesa si kama kuazima chaja.

Intel ina mtego wa aina yake. Madabodi ya B660 au B760 ya jina moja inaweza kuuzwa katika sura mbili, ya DDR4 na ya DDR5, na RAM ya moja haiingii kwenye nyingine kwa sababu kikato kimehamishwa. Mara nyingi tofauti ni herufi mbili tu mwishoni mwa jina, D4. Someni boksi mpaka mwisho.

Kabla sijaondoka hapo, najua kuna waliojiandaa kuuliza kuhusu vile vifurushi vya X99 kutoka China: madabodi pamoja na prosesa ya seva, Xeon E5-2680 v4, kori 14, kwa bei ya kutupa. Kori 14 ni za kweli. Lakini ni prosesa ya 2016 inayofika GHz 3.3 ikikazana, inakula wati 120, na gemu nyingi hutaka kori chache zenye kasi kuliko kori nyingi zinazojikongoja. Madabodi zake nyingi zimejengwa kwa chipu zilizong'olewa kwenye mashine nyingine, na BIOS mpya huzipati kwa urahisi. Kwa kuchakata video, sawa. Kwa gemu, i3-12100F yenye kori 4 itaipita mahali pengi.

Kadi ya grafiki sasa. Hapa pana pesa nyingi, na hapa pana uchakachuaji mwingi.

Kwa 1080, kadi ninayoiweka mezani kama kipimo ni RX 6600: GB 8 za kumbukumbu, wati 132, plagi moja ya pini 8. Chini yake kidogo, GTX 1660 Super yenye GB 6 na wati 125 bado inafanya kazi ya heshima. Juu yake, RTX 3060 ya GB 12 ina wati 170. Ukipata Arc B580 ya Intel kwa bei nzuri, hakikisha kwanza madabodi na prosesa yako zinakubali Resizable BAR, yaani prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja. Bila hiyo kadi hizo za Intel hupoteza nguvu nyingi mno, na ndiyo maana hazifai kuwekwa kwenye mashine za zamani.

Kuna kadi ambayo peke yake ni nzima na kwenye madabodi isiyo yake inakuwa kilema: RX 6500 XT. Kadi ya kawaida ina njia 16 za kuzungumza na prosesa. RX 6600 ina 8. RX 6500 XT ina 4 tu. Kwenye PCIe 4.0 njia nne hupitisha karibu GB 8 kwa sekunde; kwenye PCIe 3.0 ni karibu GB 4. Sasa kumbukeni kumbukumbu yake ni GB 4. Gemu ikizidi hapo, kadi inakwenda kuazima kwenye RAM kupitia kichochoro hicho chembamba, na picha inaanza kukatakata kila unapogeuka. Anayeipima kwenye madabodi ya B550 na prosesa ya 5600, ambazo ni 4.0, anaisifu. Anayeiweka kwenye B450, kwenye A520, au pamoja na 5600G, ambazo zote ni 3.0, anaitukana. Wote wawili wanasema kweli.

Kadi zilizotumika sizikatazi. Uchimbaji wa Ethereum kwa kadi ulikoma Septemba 2022, na mzigo mkubwa ukamwagika sokoni. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu; kinachochoka zaidi ni feni na zile pedi za joto juu ya kumbukumbu. Mnaponunua, iwe Kariakoo, iwe mtaa wa Luthuli Nairobi, iwe kwa mtu mliyemwona mtandaoni, nendeni na flashi yenye programu ya GPU-Z na FurMark, na msilipe kabla kadi haijawashwa mbele yenu.

GPU-Z inakagua jina. Kuna kadi za zamani kabisa, GTS 450 na ndugu zake, zilizobadilishwa BIOS zikajiita GTX 1050 Ti. Windows inadanganyika, GPU-Z mpya huandika neno FAKE mbele ya jina. RX 580 nayo ina pacha wake: ya kweli ina vichakataji 2304, ile iliyoandikwa 2048SP ina 2048, yaani ni RX 570 iliyopandishwa cheo. Si feki, ila usiilipie bei ya 580. Kisha FurMark, inayoikamua kadi kwa nguvu zake zote, kwa dakika 15. Angalieni nukta za rangi za ajabu, mistari, skrini kuzima na kurudi, na joto. Kadi inayopita digrii 85 dukani, chini ya kiyoyozi, itafanya nini chumbani kwako Tanga mwezi Februari?

Na GTX 1050 Ti au 1060 ya kweli? NVIDIA, kampuni ya kadi za GTX na RTX, ilitangaza kwamba kizazi hicho kingeacha kupata draiva mpya za gemu, yaani programu za kuendeshea kadi, baada ya Oktoba 2025, kikabaki na marekebisho ya usalama tu. Zitaendelea kucheza zinachocheza leo. Msizilipie kama kadi za kesho.

Wasio na pesa ya haya yote wana njia ya tatu: kompyuta za ofisini zilizotumika, zile Nairobi wanazoziita ex-UK, Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Ni njia nzuri mkijua kuta zake. Chagueni yenye i5-8500 kwenda mbele, si i5-6500. Sababu ya kwanza, 8500 ina kori 6 na 6500 ina 4. Ya pili, Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane cha Intel. Valorant kwenye Windows 11 inadai pia TPM 2.0 na Secure Boot, ambavyo ni ulinzi wa ndani ya mashine. Chagueni mnara mkubwa, si ile nyembamba ya SFF, maana nyembamba hupokea kadi fupi za kimo tu. Pawa saplai zake nyingi ni ndogo, hazina plagi ya kadi, na soketi zake kwenye madabodi si za kawaida, hivyo kuweka nyingine ya dukani si rahisi. Tundu la madabodi lenyewe hutoa wati 75 tu. Mtafute kadi isiyo na plagi kabisa: GTX 1650 ya wati 75, au RX 6400 ya wati 53, ambayo nayo ina njia 4, kwa hiyo yale ya 6500 XT yanaihusu. Kati ya hizo mbili, kwenye mashine ya ofisini, chukueni 1650.

RAM nitaisema kwa ufupi. GB 16, vipande viwili vya GB 8, DDR4-3200. Kipande kimoja kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde, viwili GB 51.2. Kwa mwenye 5600G hiyo ndiyo roho ya kompyuta, kwa sababu grafiki yake inakula kwenye RAM hiyo hiyo. Na mkishamaliza kujenga, ingieni BIOS mwashe XMP, mpangilio unaoifanya RAM iende kwa kasi iliyoandikwa. Bila hivyo RAM mliyoilipia 3200 itakwenda 2133 au 2400 maisha yake yote.

SSD, chukueni NVMe, aina yenye kasi, ya GB 500 ikibidi, ya TB 1 ikiwezekana. GTA V peke yake inataka takriban GB 100, na kwa bei ya bando hamtapenda kuifuta na kuipakua tena. Tundu moja la M.2, la SSD kwenye madabodi, linaweza kupokea NVMe, au SATA ambayo ni aina ya polepole, au zote. Kitabu cha madabodi kitasema. SSD ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya GB 256 ni chipu ndogo iliyofundishwa kusema uongo: unaandika, inakubali, na baada ya kujaa inaanza kuandika juu ya mafaili yako. Programu ya H2testw huijaza yote na kuisoma tena; iacheni ifanye kazi usiku mzima kabla hamjaiamini.

Keisi, tafuteni yenye uso wa wavu na nafasi ya kadi yenu kwa urefu. Kioo mbele kinapendeza na kinakaba pumzi. Feni mbili za kuvuta mbele, moja ya kutoa nyuma, chujio la vumbi linalotoka. Wa pwani wafungue kila miezi mitatu wapulize, maana vumbi likichanganyika na chumvi na unyevu linakuwa kama ugali mkavu kwenye mapezi ya kupozea.

Naja kwenye kuunganisha, na hapa naomba macho yenu mezani.

Prosesa ya AM4 ina pini zake mgongoni mwake, zaidi ya elfu moja, laini kama nywele. Inua kijiti cha soketi, linganisha pembetatu ndogo ya dhahabu na ya soketi, iache ianguke kwa uzito wake. Usisukume. Inapogoma, kuna pini imepinda. Kwenye Intel pini ziko kwenye madabodi, kwa hiyo mkinunua madabodi ya LGA1700 iliyotumika, fungueni kifuniko mwangalie soketi kwa tochi ya simu, kwa pembe: pini zote zilale upande mmoja kama shamba la mpunga lililopigwa na upepo. Moja ikiwa na mwelekeo wake, acheni.

Feni ya Wraith Stealth inayokuja na 5600 ina krimu ya joto tayari, ile inayopeleka joto la prosesa kwenye feni. Msiongeze nyingine juu yake. Inafungwa kwa skrubu nne, na kwanza mtatoa vile vishikio viwili vya plastiki kwenye madabodi. Siku ya kuing'oa ndipo maafa hutokea. Krimu ikikauka inakuwa gundi, ukivuta juu prosesa inatoka pamoja na feni huku kijiti kimefungwa, na pini zinalala. Washeni kompyuta kwanza ipate moto dakika kumi, izimeni, chomoeni waya, legezeni skrubu, kisha zungusheni feni kushoto na kulia taratibu mpaka iachie. Ndipo mnainua.

Msiingize chochote ndani ya keisi kwanza. Wekeni madabodi juu ya boksi lake la karatasi, weka prosesa, feni, RAM, kadi, plagi ya pini 24 na ile ya pini 8 ya prosesa iliyo juu kushoto. Ya prosesa na ya kadi zote zina pini 8 na hazifanani: ya prosesa hugawanyika 4 na 4, ya kadi 6 na 2. Ikikataa kuingia, si kwamba inahitaji nguvu. Ni ya mahali pengine. Gusisheni bisibisi kwenye pini mbili za kuwashia. Picha ikija, ndipo mhamie kwenye keisi, mkihesabu nguzo za skrubu chini ya madabodi: iliyobaki mahali pasipo na tundu itagusa saketi na kuleta shoti. Picha isipokuja, toeni RAM zote, rudisheni moja mpaka isikike ikilia tik. Mara nyingi ni hapo tu.

Mkifika nyumbani, waya wa skrini uingie kwenye kadi, siyo kwenye madabodi. Na skrini ya Hz 144, inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, mara nyingi Windows huiwasha kwa 60. Ingieni kwenye mipangilio ya juu ya skrini mbadilishe wenyewe.

Sasa sogeeni, kila kundi watu watano. Kwenye madabodi yenye nafasi nne, RAM mbili hukaa ya pili na ya nne mkihesabu kutoka kwenye prosesa. Mashine hii iliyo mbele yenu imefungwa tayari, ina makosa matatu, na swichi ya ukutani imezimwa. Nani ameliona la kwanza?